Dume la Felisiani Kwenye Katuni

Kijiwe chetu cha Bweri kiko pale bodaboda wanapopaki: ubao juu ya matofali na birika la kahawa la Gaudensia. Asubuhi ile kahawa ilinywewa kwa hasira. Kuna katuni moja ya vichekesho kwenye runinga, na sehemu yake ya juzi imeangaliwa nchi nzima, watu wanarushiana kwenye simu. Inamhusu mzee anayelilia dume lake siku ya kulitoa kama mahari. Mzee huyo wamemchora na kofia ya mwenzetu wa kijiweni, Felisiani, mwendo wa Felisiani, mpaka pengo la Felisiani. Sasa watoto wa mtaani wakimwona Felisiani wanalia kama ng'ombe. Hilo angelivumilia. Lakini wakwe zake wa Butiama nao wameangalia, wakasema kumbe dume lilitolewa kwa kinyongo. Wanalirudisha, na binti yao Wankyo, mke wa mwanawe, anarudi kwao. Ndoa ya watu ivunjwe kwa katuni!

Masatu, tunayemwita Wakili ingawa mahakamani aliwahi kufika kama mshitakiwa tu, alitaka tuwashitaki wachoraji leo leo. Evance Fundi Redio akamkatisha.

— Utawashitaki na nini, Wakili? Hizi simu zinasikilizaga. Mzee aliongea, simu ikabeba.

— Felisiani ana simu ya tochi, Evance.

— Basi ni droni. Ile ilikuwaga inapita Mugango.

— Droni inaingiaga zizini? Ni hereni, bwana. Dume si watu wa mifugo walilivalisha hereni ya namba sikioni? Kile ni kinasa sauti. Ng'ombe mwenyewe ndiye kamchoma.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na hasira ya kuamini chochote.

Felisiani, aliyekaa mwisho wa ubao, alikuwa hajagusa kikombe chake.

— Kofia wachukue. Mimi naumia na yale maneno. "Nisamehe mwanangu, sina kingine cha kutoa." Nililiambia dume alfajiri, zizini, peke yangu. Wameyaweka yote.

Pembeni alisimama mama mmoja wa Kisorya, Rhobi, anasubiri bodaboda huku anakunywa kahawa. Hakuna aliyekuwa anamjua.

— Samahani, baba. Kama ulikuwa peke yako, nani mwingine alijua?

— Hakuna. Niliwasimuliaga hawa tu, hapahapa.

— Sasa katika hawa, ni nani aliyeyapeleka?

Wakili akamtazama Evance. Evance akanitazama mimi. Gaudensia akafunika birika ambalo lilikuwa limefunikwa tayari.

Felisiani alitupitia uso mmoja baada ya mwingine, taratibu, kisha akainuka.

— Nilikuja kuwaomba mnisindikize Butiama kesho, mkawaambie wakwe kwamba nilitoa kwa moyo. Nitaenda mwenyewe.

Tulimwangalia akipandisha barabara. Hakuna aliyemwita. Kila mmoja alikuwa anangoja asiye na hatia aanze.