Nani Atabeba Kogo

Lori la majani likichelewa, na lori la Kiptere halijui namna nyingine ya kuja, benchi letu hujaa. Liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na banda ambapo wakulima huleta majani chai kupimwa. Hapo hukaa Kiplimo, anayebeba maziwa kwa pikipiki na kuitwa Danger kwa sababu ya breki zake. Karibu naye ni Kipkirui wa kuchaji simu, ambaye kila baya la dunia hii husema ni neti, yaani mtandao wa simu, basi tukamwita Neti. Wa tatu ni Alexander, muuza dawa za mifugo. Ana methali kwa kila jambo na ni nadra hata moja kufaa, kwa hiyo ni Profesa. Mimi ni Orina, wao huniita Fundi, na huongea kidogo kwa kuwa mdomo wangu hushika misumari. Alasiri hiyo birika la chai ya maziwa lilikuwa katikati yetu, mawingu yameanza kushuka, na Danger ameishika simu yake kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Danger: Ratemo amejibu.

Profesa: Anakuja Jumamosi?

Danger: Anakuja. Lakini sikia sasa. "Nitakuja, lakini sibebi Kogo."

Neti: Ati?

Danger: Sibebi Kogo. Ameandika hivyo, akaweka nukta. Na Kogo mwenyewe amenirushia, ona, yuko hapa ndani ya simu yangu.

Tuliinama wote kuangalia. Alikuwepo kweli, kobe mzee mwenye kuvu ya kijani mgongoni, akipepesa macho polepole. Kwa asiyejua, hii ni gemu ya simu, mazimwi wawili dhidi ya wawili. Kila mchezaji huleta zimwi lake, huchagua la kufanya, kisha wote wanne hutenda kwa zamu, mwepesi akitangulia. La Danger ni Ng'etuny, yaani simba, mwenye manyoya ya moto, na kazi yake ni kupiga. La Ratemo, mwenzetu wa zamani aliyehamia Keroka, ndilo hili tuliloliita Kogo, yaani nyanya au bibi kwa Kikipsigis. Kogo hapigi mtu. Huwamwagia adui tope wapunguze mwendo, humkinga mwenzake kwa ngao, humtibu kwa umande, na akisema "Nipige Mimi" kila pigo humgeukia yeye. Sasa wenye gemu wametangaza kwamba mwisho wa mwezi wanaifunga kabisa. Jumamosi, Kericho mjini, ndiyo mashindano ya mwisho. Danger na Ratemo waliwahi kufika fainali huko wakashindwa na vijana wa Sotik, na tangu hapo Danger anataka kitu kimoja tu, kombe lile, kabla gemu haijafa.

Neti: Hiyo ni neti. Huko Keroka neti ni mbaya. Ameandika "nabeba", ikageuka njiani.

Danger: Neno linageuka njiani?

Neti: Milima, bana. Milima inakula herufi.

Profesa: Acha neti yako. Hiyo ni kiburi. Si siku hizi Ratemo ana duka? Mtu wa duka hawezi kubeba kobe. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Danger: Hiyo inaingiaje hapa?

Profesa: Kwani kobe anatembea wapi? Si sakafuni?

Neti: Ama Sotik wamemnunua. Nasikia wanatoa ndama.

Danger: Ndama? Kwa gemu?

Neti: Ndama wa gredi, ile ya maziwa mengi. Na si lazima amlete huku, anaweza kumwacha Keroka.

Profesa: Nyinyi hamuoni mbali. Zimwi linazeeka ndani ya simu, kama betri tu. Kogo amefika miaka ya kustaafu. Ratemo amemuonea huruma. Hata saa hii yuko hapo ndani amekaa kwa kiti, anangoja bonasi ya chai kama mkulima yeyote.

Danger: Amekaa kwa kiti na ni kobe?

Profesa: Kiti ni mgongo wake.

Nilicheka mpaka msumari ukanidondoka. Danger hakucheka.

Danger: Watu ni wawili tu. Ratemo akikataa Kogo, nani atambeba?

Neti: Si wewe.

Danger: Mimi? Mimi ni mtu wa kupiga! Uliza mtu yeyote kutoka hapa mpaka Sigowet.

Profesa: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Danger: Najua. Na mimi ndio kidole gumba. Wacha Ratemo akae na duka yake. Profesa, Jumamosi unakuja na mimi. Wewe ndio utabeba Kogo.

Hapo roho yangu iliuma, nisiseme uongo. Danger kwenda Kericho bila Ratemo, mara ya mwisho kabisa, ilikuwa jambo ambalo sikutaka kuliona. Lakini tayari alikuwa amemrushia Profesa kobe, wakatafuta wapinzani wa mazoezi, na Neti akasogea katikati yao kuchungulia simu zote mbili.

Danger: Anza. Fanya kitu.

Profesa: Nimemtibu simba wako.

Danger: Unamtibu nini? Hajaguswa!

Profesa: Kinga ni bora kuliko tiba.

Danger: Basi kinga!

Profesa: Nimeweka ngao. Ona, imeshika. Naweka tena.

Danger: Usiweke tena! Ngao ukiirudia mara mbili mfululizo inakataa! Profesa! Profesa!

Neti: Imekataa.

Danger: Nimeona imekataa!

Ng'etuny alikuwa bado anavuta pumzi ya kutoa moto wake mkubwa, ule unaohitaji zamu mbili. Wapinzani walikuwa wepesi kuliko yeye. Walimpiga mmoja baada ya mwingine, akalala chali, na kobe akabaki uwanjani peke yake bila jino la kuuma. Kwenye kioo pakaandikwa kwamba tumeshindwa.

Profesa: Hawa lazima walikuwa Wachina.

Neti: Si Wachina. Ulisahau tope.

Danger: Tope ya nini?

Neti: Danger, umecheza na Ratemo miaka hiyo yote hujui tope? Alikuwa anaanza na tope kila siku. Adui wanakuwa wazito, simba yako inakuwa ya kwanza. Halafu wewe ukivuta pumzi, yeye anasema Nipige Mimi. Wanampiga yeye, wewe unamaliza kuvuta, unatoa moto, unaruka juu unasema "Danger!"

Danger: Mimi nilikuwa naangalia simba.

Neti: Sisi wote tulikuwa tunaangalia simba.

Ilikuwa kweli. Nakumbuka nyumba za laini, zile za wafanyakazi, kwenye shamba kubwa la chai, pale mama yake Ratemo alikuwa akichuna majani, na sisi vijana tukijibanza barazani kwao mvua ya alasiri ikipiga mabati tusisikiane. Simu mbili, chaja moja, vichwa vingi. Ratemo alikaa pembeni kabisa, nusu ya bega lake likilowa, akicheza bila neno. Tulikuwa na sheria moja, ambayo tulihama nayo hadi benchi hili: anayemimina chai hunywa mwisho. Ratemo ndiye aliyemimina, miaka yote. Ukimuuliza na yako je, alisema, "Mimi nimeshiba." Kisha zikaja mashine za kuchuna, watu wakapunguzwa, nyumba za laini zikabaki wazi, na familia yake ikapakia vitanda juu ya lori wakarudi upande wa Keroka. Siku hizi kila mtu hujimiminia, na nusu ya chai huishia chini. Nazikumbuka alasiri zile kuliko ninavyoweza kumwambia mtu.

Tukiwa hapo benchini, karani mpya wa majani alitoka bandani akijipepea kwa kofia. Ni dada anayeitwa Chepchirchir, ametoka Kimulot juzijuzi, na lori lilikuwa limemchosha kama lilivyowachosha wakulima wake.

Chepchirchir: Chamgei.

Neti: Chamgei, madam. Karibu kwa benchi. Hiyo pembe ina msumari, kaa huku.

Chepchirchir: Nimewasikia mnapiga kelele nikafikiria lori imefika. Ni nani ameshindwa?

Profesa: Sisi, madam. Lakini si vibaya. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Tuligeuka kumtazama, kwa sababu safari hii methali yake ilikuwa imekaa mahali pake. Basi wakamweleza yote, simba, kobe, Jumamosi, mpaka ujumbe wa Ratemo. Alisikiliza vizuri huku akisugua udongo kwenye gamubuti zake.

Chepchirchir: Na hiyo fainali mlishindwaje?

Neti: Neti, madam. Siku hiyo wingu lilikaa juu ya mlingoti pale pale, halikusonga.

Profesa: Hapana. Yule kijana wa Sotik alivaa kofia nyuma mbele. Hiyo ni dawa. Hata ng'ombe ukimkamua umevaa hivyo anaficha maziwa.

Danger: Wachana nao. Kogo alianguka. Hiyo tu. Nilikuwa navuta pumzi, yeye akawa anapigwa. Navuta tena, anapigwa tena. Kufika mwisho akaishiwa, akalala. Nikabaki peke yangu, na peke yangu ningefanya nini?

Chepchirchir: Pole. Na huyo Kogo akiumia, nani alikuwa anamtibu?

Danger: Kogo ndio daktari, madam.

Chepchirchir: Nimesikia. Anatibu simba. Mimi nauliza yeye mwenyewe. Nani alikuwa anamtibu?

Neti aliangalia mlingoti wa simu kule mlimani, kisha akaangalia viatu vyake.

Profesa: Wahenga walisema...

Tukangoja. Wahenga hawakuwa wamesema kitu. Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati la kibanda changu na hakuna aliyevuta hata kikombe.

Danger alifungua simu. Kila zimwi hubeba mapigo manne tu, unachagua mwenyewe kutoka kwenye mengi. Yake yote manne yalikuwa moto, kucha, meno, moto. Akateremsha orodha kwa kidole, taratibu, mpaka chini kabisa.

Danger: Iko hapa. Nguruma. Simba akinguruma, adui wanaogopa, wanakosa zamu moja. Mwenzako anapumua.

Neti: Ulikuwa nayo?

Danger: Tangu mwanzo. Ratemo aliniomba niiweke, asubuhi ya fainali. Nikamwambia hiyo ni ya waoga.

Mvua ilizidi. Profesa alimrudishia kobe bila kuambiwa. Danger akaanza kuandika, na anaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo tulikaa pale muda wa kutosha. Alipomaliza alitusomea, maana kwenye benchi letu hakuna siri.

Danger: "Ratemo. Njoo na Ng'etuny, nimekurushia, mwekee Nguruma ukitaka. Kogo nitabeba mimi. Nianzie wapi?"

Profesa: Umemrushia simba? Simba yako?

Danger: Tulia.

Karani aliuliza kama huyo Ratemo hujibu haraka. Neti akasema inategemea neti, na safari hii alisema kwa sauti ya chini, karibu kama anaomba. Tuliitazama simu pale juu ya mbao, sisi watu wazima wenye watoto shuleni, ikapigwa na tone moja la mvua, Danger akalifuta kwa shati. Kisha ikatetemeka.

Danger: Amejibu.

Neti: Soma.

Danger: "Anza na tope."

Kilikuwa hicho tu, na nukta yake. Lakini Neti alipiga paja kwa kofi, Profesa akaanza kukohoa kama aliyeingiwa na moshi, na mimi nikapata kazi ya ghafla kwenye kiatu ambacho nilikuwa nimekimaliza.

Danger alisimama. Alichukua birika, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya, akamimina kikombe cha karani kwanza, kisha cha Neti, cha Profesa, changu. Honi ya lori ikasikika kule kwenye kona, ila hakuna aliyeinuka. Ilipofika zamu yake birika lilitoa matone machache na majani meusi ya chini. Akakitikisa kikombe, akachungulia ndani.

Danger: Kumbe ndio hii alikuwa anakunywa.

Akayanywa matone yale, akatema jani.

Danger: Na alikuwa anatuambia ameshiba.