Mwalimu Yotamu Mwakibinga na Vioo vya Binti wa Ziwani

Ndugu wafiwa, majirani wa Ipyana na wageni mliotoka Ngana na Ikombe, marehemu tunayemlaza leo alizaliwa Bujonde mwaka 1882, mtoto wa kwanza wa mzee Ambilikile Mwakibinga na mama Angetile. Mama yake alimlea kwa hadithi ndefu ya binti aliyeshuka chini ya ziwa kudai jua lililomezwa na nyoka.

Aliingia shule ya misheni Ipyana mwaka 1896, akabatizwa Pasaka ya 1899. Mwaka 1901 mgeni mmoja alionyesha picha za Bethlehemu kwenye kitambaa cheupe kwa taa inayopitisha mwanga kwenye vioo vilivyochorwa. Wenzake wakiwa wanaimba, Yotamu alikutwa nyuma ya kitambaa akitafuta ngamia wa pichani walikopitia. Tangu siku hiyo alisema hadithi ya mama yake nayo itaonekana kwenye kitambaa.

Alifundisha Ngana kuanzia 1903, akivuka mto kwa mtumbwi kila Jumatatu, vitabu kichwani. Tarehe 6 Mei 1905 alifunga ndoa na Damari, mfinyanzi wa Ikombe. Mwaka 1909 yule mgeni, akirudi kwao, alimwachia taa. Yotamu akapanga vioo thelathini. Vya kwanza alivipaka rangi ya udongo wa vyungu. Kitambaani yakatokea madoa meusi matupu.

"Baba Hezroni, udongo unaziba mwanga," Damari alimwambia. "Tujaribu maji ya majani na maua."

Wakavipaka upya, vikang'aa.

Kazi ngumu ilikuwa kufupisha hadithi ienee kwenye vioo hivyo. Alipotaka kumwondoa chura, mama yake aliweka chini ungo wa mchele. "Ukimtoa chura, mwanangu, nani atamwonyesha binti njia?" Chura akarudishwa. Mzee wa kanisa Zebedayo naye hakupenda nyoka aonekane kanisani. Yotamu hakubishana, alimwomba aje atazame kwanza, kisha aseme.

Vita vilipoanza 1914, mafuta ya kujaribia vioo kwenye taa yakawa shida kupatikana. Alikuwa amechora kumi na tisa. Desemba 1915 kichomi kilimshika, na alipoona hapati nafuu aliomba vionyeshwe kwa mafuta kidogo aliyoyatunza. Alasiri ya 19 Februari 1916 madirisha ya kanisa yalizibwa kwa mikeka. Aliketi kitini, akibadilisha vioo. Kioo cha kumi na tisa kilimwacha binti mbele ya kinywa cha nyoka. Baada yake kitambaa kikabaki cheupe. Ndipo mama Angetile akasimama mbele ya kitambaa, akaimalizia hadithi kwa mdomo, hadi pale jua linapotoka kwa nyoka na kupanda juu ya ziwa.

Mzee Zebedayo akamwendea Yotamu, akamshika mikono yote miwili. "Ndaga, mwalimu, asante. Nyoka wako nimemwona. Vimalize hivyo vilivyobaki."

Hakuwahi. Siku tatu kabla ya kututoka alikuwa bado anamwelekeza Damari rangi ya jua: isiwe nyekundu, iwe kama ua la boga. Alifariki Jumamosi, tarehe 11 Machi 1916, mikononi mwa mkewe.

Ameacha mama yake, Angetile. Mjane wake, Damari. Watoto watatu, Hezroni, Felista na Maria. Na mdogo wake Lazaro, anayesoma maneno haya. Ameacha pia vioo kumi na kimoja visivyochorwa. Damari ameomba visigawiwe. Tayari ameloweka maua.

Pumzika, mwalimu, katika amani ya Bwana.