Sindano ya Mama Tusa

Bi. Tusajigwe Mwambene, ambaye sote tunamwita Mama Tusa, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kutunza nyenzo za walimu katika kituo chetu hapa Kimara kwa miaka thelathini na mitatu. Alifika kutoka Tukuyu akiwa na barua ya uhamisho, mimba ya miezi sita na sweta la mtoto alilokuwa akilifuma, bado halina mikono.

Mikono haikufumwa, maana sindano moja ya kufumia ilipata kazi nyingine. Kila nyenzo kituoni ilikuwa na kadi yenye matundu ukingoni, na kila tundu lilikuwa na maana yake: hisabati, darasa la tatu, wasioona. Tundu lililohusika lilikatwa hadi nje. Mwalimu akija, Mama Tusa alipitisha sindano kwenye tundu la kwanza la kadi zote kwa pamoja, akainua, akatikisa, na kadi zilizohusika zikadondoka. Hizo alizipitishia sindano kwenye tundu la pili, kisha la tatu. Zilizodondoka mara zote ndizo alizompa mwalimu.

Hata maisha yake aliyachuja hivyo. Alipotafuta kiwanja Madale alitaka chenye maji, kilicho karibu na barabara na kisicho na kesi. Madalali walimkwepa miaka sita. Alikipata, na leo majirani wanachota maji kwake.

Mwaka juzi tulipata tovuti, kazi ya fundi wetu Rogers, ikaamuliwa kadi ziuzwe kwa wafungaji wa karanga. Nakiri niliunga mkono, kwa sababu makabati yake yalikuwa yamekula nusu ya ofisi yangu. Mama Tusa hakubishana, lakini wiki ile hakunywa chai nasi. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa inasubiri mkokoteni, na iliniuma kumwona hivyo.

Mkokoteni ulifika Ijumaa, sambamba na Mwalimu Eufrazia wa Ukonga. Jumatatu alikuwa anampokea mtoto asiyeona, darasa la tatu, na hakuwa na chochote cha kumfundishia hisabati. Rogers alichagua lebo zote tatu kwenye tovuti. Zikaja nyenzo elfu moja mia tisa, yaani kila iliyokuwa na hata lebo moja, pamoja na wimbo wa kunawa mikono. Mwalimu akaanza kuangalia saa. Mama Tusa akanyanyuka na sindano yake, akatikisa mara tatu, zikadondoka kadi nne. Mimi nikatoka nje kuurudisha mkokoteni.

Rogers alivuta kiti akaomba aonyeshwe tena, polepole. "Mama, kumbe mie nilikuwa nakusanya tu, wewe unachuja," alisema. Jioni hiyohiyo tovuti ilijifunza kuleta nyenzo zenye lebo zote kwa pamoja, na leo walimu wa Temeke hadi Tegeta wanaitumia. Kadi bado zipo. Umeme ukikatika, ndizo tovuti yetu.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba sindano yake tu. Bupe, yule aliyekuwa tumboni, amejifungua mwezi uliopita huko Njombe, kwenye baridi.

Mama Tusa, asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wageni wasioondoka na ndoo zako. Kadi tutazitunza, na sindano nyingine tumeshanunua Kariakoo. Hiyo ni yako. Nenda kafume mikono.

Elinaza, Ofisi ya Mafunzo