Papa Gaspard Kaomba Anaondoka, Mama Mukubwa Anabaki

Tarehe 30 Septemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Papa Gaspard Kaomba, fundi mkuu wa garaji ya Muungano wa Vituo vya Afya vya Ufukwe hapa Kalemie, anastaafu. Utawala umetuomba sisi wa garaji tuandike maneno ya kumuaga yeye pamoja na ambulensi yake ya zamani. Kumuaga yeye, tunamuaga kwa moyo wote. Ambulensi hatuiagi, na sababu tutaisema hapa hapa mbele ya wageni.

Papa Gaspard alizaliwa Moba, akaja Kalemie kwa boti la mizigo, akaajiriwa kuosha magari. Aliyaosha mpaka ndani ya injini, na fundi wa wakati ule akaona heri amfundishe kazi kuliko kumfukuza. Hiyo ambulensi, gari la jeep la petroli tunaloliita Mama Mukubwa kwa sababu limebeba akina mama wa ufukwe mzima, ilikuwa mikononi mwake tangu mwanzo. Miaka ya vita aliing'oa magurudumu yote, akayaficha chini ya kitanda. Mkewe, Mama Myriam, alilala juu ya matairi hayo miezi mingi bila kunung'unika, au ndivyo Papa Gaspard anavyosimulia. Waliokuja na bunduki kuichukua ambulensi waliikuta imekaa juu ya matofali, wakaenda zao.

Lakini sifa mbaya ya Mama Mukubwa ilitokana na ugonjwa mmoja. Akishapata joto, kwenye mlima wa njia ya Kabimba, alizimika ghafla. Akivutwa hadi garajini, alikuwa mzima kabisa, ananguruma vizuri hata unaona haya kusema ni mgonjwa. Wengine walisema petroli chafu, wengine kabireta inayoilisha injini petroli, na wapo waliomtaja jirani mwenye jicho baya.

Dawa yetu ilikuwa maji. Kila dereva alibeba kidumu, na gari likizimika aliimwagia maji bobini, kile kikopo kinachoongeza nguvu ya umeme wa cheche. Baada ya muda injini iliwaka, sote tukaridhika. Papa Gaspard aliiamini dawa hiyo kuliko mtu yeyote. Alibadilisha bobini hata tukachoka kuhesabu.

Siku moja ya kiangazi, Mama Julienne, mkunga wetu, alitumia maji yote ya kidumu kumpoza mama mmoja mwenye uchungu. Mama Mukubwa akazimika mlimani. Kijito cha karibu kilikuwa kimekauka. Wakakaa, wakasali, wakamsema fundi vibaya. Kisha dereva akajaribu ufunguo tena, na injini ikawaka bila tone la maji. Mtoto alizaliwa mjini salama.

Tulimshukuru Mungu. Papa Gaspard yeye alikasirika.

“Maji hayakukuwa, na amewaka!” alipiga kelele uani. “Njo kusema bobini tuliiogesha bure!”

Kilichoponya, alisema, kilikuwa kule kungoja. Kulikuwa na kitu kinachoshika joto, kinanyamaza, kisha kinapoa na kuamka chenyewe. Akapanda mlima na Mama Mukubwa, safari hii akimtaka azimike. Alipozimika tu, Papa Gaspard alifungua boneti kabla joto halijatoka, akachomoa waya wa buji, ile plagi inayorusha cheche, na kutazama. Petroli ilikuwa inafika, cheche hakuna. Kabireta ikatoka lawamani siku hiyo. Kikabaki kisanduku kimoja kidogo kilichofungwa ubavuni mwa delko inayogawa umeme wa cheche, yaani moduli, kinachoamuru cheche iruke au isiruke.

Wakati huo kamati ya Muungano ilikuwa imeshaamua kuifuta ambulensi na kuwaachia akina mama wa vijiji vya juu pikipiki. Wajumbe walipokuja kuikagua, Papa Gaspard aliiwasha, akaazima pasi ya makaa ya chumba cha mashuka, akaisogeza karibu na moduli mbele ya macho yao. Injini ikakohoa, ikafa. Akaweka kitambaa kibichi juu ya kisanduku, wakangoja, akawasha. Ikawaka. Akairudisha pasi.

“Mumeona vile anakufa?” aliwaambia. “Sasa musiseme tena ni uzee.”

Walimpa ruhusa ya kuagiza moduli Kigoma. Ilipofika ilikuwa na pakiti ya mafuta mazito meupe ya kupaka mgongoni mwa kisanduku, na yeye, muosha magari wa kuzaliwa, alipaka kisha akaona yamechafua, akayafuta yote kwa kitambaa. Moduli ikaungua upesi, kwa maana mafuta yale ndiyo yanayolitoa joto. Alilitangaza kosa hilo mwenyewe asubuhi tumepanga mstari, akaagiza nyingine, na tangu hapo kila mmoja wetu lazima apake akiwa anatazamwa.

Sasa utawala unasema fundi akiondoka gari nalo liondoke, kwa kuwa hakuna mwingine anayelijua. Tumebisha. Tumepewa msimu huu wa mvua tu: Mama Mukubwa akilala njiani, anauzwa kama chuma chakavu, na vijiji vya juu vinabaki na pikipiki kwenye tope. Tumekubali sharti hilo. Moduli ya akiba imo ndani ya gari, na pasi tunajua inakaa wapi.

Asante, Mama Myriam, kwa kumvumilia mtu anayenuka petroli hata Jumapili. Asante, Papa, kwa kutufundisha kwamba hitilafu inayokuja na kwenda ina sababu yake, na fundi asiyeitafuta ni mvivu. Mgongo wako umechoka, macho nayo, na bado juzi ulituambia: “Akizimika, munipigie. Nitakuja hata na sandale.”

Tumekusikia, na tunakataa. Hata akizimika juu kabisa ya mlima, mvua inanyesha, mama analia nyuma, tutafungua boneti sisi wenyewe. Wewe kaa nyumbani, ule samaki wako, maisha yakuendee vema. Ukiona simu yako iko kimya, ujue Mama Mukubwa anatembea.

Christelle, fundi umeme, kwa niaba ya garaji nzima