Othmar Ndunguru na Shimo la Saba la Chiwanda

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Kijiji, wanajumuiya, ndugu zetu wa hapa Matiri na ninyi mliopanda kutoka ziwani, wazee wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima ya siku hii. Familia imenipa mimi Edina, mtoto wa kwanza wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu. Sehemu kubwa ya maneno haya aliyataja mwenyewe akiwa kitandani, mimi nikiandika, naye akinisahihisha tarehe kama karani wa mahakama, na aliagiza kwamba jambo moja lisifichwe, nalo ni jambo la shimo la saba. Baba mdogo Tadei aliona kwamba msibani si mahali pake, kwamba marehemu husemwa kwa mema yake, na alilisema hilo kwa heshima na kwa uchungu wa ndugu, lakini mama akajibu kwamba mwenye historia alishaamua, na kikao kikaishia hapo.

Marehemu Othmar Xaveri Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Mei 1974 hapa Matiri, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Xaveri Ndunguru na Mama Benadetha, ambao wote wametangulia. Waliokua naye wanakumbuka kwamba alikuwa mvivu wa kuchuma kahawa, lakini kwa kuchimba ngolo, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo tunayalima ili mvua isishuke na udongo wetu, hakuwa na mpinzani, na majirani walikuwa wakimwazima kwa baba yake kama mtu anavyoazima jembe.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Matiri kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, na kuanzia Januari 1990 alijifunza useremala kule Ukata, ambako alifikia nyumbani kwa Mama Gertruda Hyera, mama mzazi wa mwanafunzi mwenzake Dunstan. Kwa muda wa miaka miwili na miezi saba alikula ugali wa mama huyo, shati lake likifuliwa pamoja na la Dunstan, akiitwa mwanangu na kuchapwa kama mwana, na alipougua malaria Aprili 1991 ni Mama Gertruda aliyembeba mgongoni hadi zahanati, ingawa kijana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita na miguu yake inaburuza chini.

Tarehe 8 Machi 1999 Othmar na Dunstan walishuka pamoja hadi Chiwanda, kwa wito wa Mzee William, mpima ardhi mstaafu, mtu wa pwani ya ziwa, ambaye alikuwa amerudi nyumbani na wazo ambalo watu wote walilicheka, la kutengeneza uwanja wa gofu wa mashimo tisa kwenye mchanga kando ya Ziwa Nyasa. Alihitaji watu wa kuchimba mitego ya mchanga, yale mabonde ya kunasa mipira, akaambiwa kwamba kama ni kuchimba shimo lisilobomoka awatafute Wamatengo, na ndiyo maana hadi leo mitego ya Chiwanda ni ya mraba. Uwanja ulipokwisha hawakurudi milimani, kwa sababu Mzee William alikuwa amewapa fimbo mbili za zamani wajaribu, na wale vijana wakanogewa.

Wengi mlio hapa hamjauona uwanja ule, na baba alitaka muuone. Shimo la kwanza, maana kwa wachezaji shimo ni njia nzima hadi kwenye tundu lenyewe, linakwenda kaskazini, na mwera, ule upepo wa kusini, unausukuma mpira mgongoni na kila mgeni anajiona bingwa. La tatu linapita kando ya vichanja vya kuanikia usipa, na pale ipo sheria ambayo baba alikuwa na hakika haipo kwingine duniani, kwamba mpira ukitua juu ya samaki unauokota bila adhabu, ila kwanza unamwomba radhi mwenye samaki, na siku ambayo Mama Vitalia ameamka vibaya unaweza kuomba mpaka wenzako wakamaliza mchezo. La tano linavuka mdomo wa mto, na la saba, ambalo ni refu kuliko yote, linageuka kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia na mwera ukikupiga usoni kuanzia Mei hadi Agosti, na mwisho wake hakuna majani bali duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiubebe. Baba alipenda kusema kwamba mashimo mengine yanapima mkono wa mchezaji, na la saba linampima mtu mwenyewe.

Tarehe 20 Septemba 2003 alifunga ndoa takatifu na Emerensiana, binti wa Mzee Aidan wa Chiwanda, na msimamizi wake wa ndoa alikuwa Dunstan. Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao ni Edina, aliyezaliwa tarehe 9 Agosto 2004, Aidan, aliyepewa jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2008, na Jacqueline, aliyezaliwa tarehe 25 Januari 2013. Mwanzoni waliishi katika chumba kimoja cha kupanga, kilichokuwa kinavuja, na mama alikuwa akilala amekaa msimu wote wa mvua.

Sasa nafika pale alipotaka nifike. Mzee William alikuwa amezeeka, akatangaza kwamba tarehe 17 Julai 2004, siku ya Jumamosi, yatakuwepo mashindano ya kuzunguka uwanja mara mbili, na atakayeshinda ndiye atakayekuwa msimamizi wa uwanja, pamoja na ile nyumba ya matofali iliyo nyuma ya shimo la tisa. Walicheza watu kumi na wanne, lakini hadi mchana wote walijua kwamba kazi ile ni ya Othmar au ya Dunstan, nao walicheza pamoja, kila mmoja akiandika kadi ya mwenzake kama desturi inavyotaka. Mwera siku hiyo ulikuwa mkali kiasi kwamba bendera za mashimo zililala, na walipofika shimo la saba kwa mara ya pili walikuwa sawa kabisa.

Mpira wa marehemu ulikuwa hatua mbili kutoka shimoni. Alikwisha kuiweka fimbo chini nyuma ya mpira, akiwa tayari kupiga, ndipo upepo ukaja na mpira ukatembea wenyewe, ukasimama shibiri moja tu kutoka shimoni. Sheria ya wakati ule ilikuwa wazi, kwamba fimbo ikishawekwa mpira ukisogea, hata kwa upepo, mchezaji anajihesabia mkwaju mmoja wa adhabu na kuurudisha mpira ulipokuwa, na katika mchezo huu hakuna mwamuzi wa kukukamata, unajisema mwenyewe. Alitazama, akamwona Dunstan ameinama kando, anafuta mchanga machoni, na akausukuma mpira ndani. Kwa hesabu ya siku ile alimshinda Dunstan kwa mkwaju mmoja, akapata kazi, akapata nyumba, na wiki tatu baadaye mimi nikazaliwa chini ya bati lisilovuja.

Alisimamia uwanja ule kwa miaka ishirini, na alikuwa msimamizi mzuri, hilo hakuna anayelipinga. Aliwafundisha gofu watoto wa wavuvi zaidi ya mia moja, na aliwataka wahesabu mikwaju yao kwa sauti, na mtoto aliyeficha mmoja alirudishwa nyumbani kwa mwezi mzima, hata alipokuwa mtoto wake, nami ninalijua hilo vizuri. Watu walimwona mkali kupita kiasi, na sisi nyumbani tulimwona hivyo hivyo. Hatukujua kwamba kila alipotufundisha alikuwa anazungumza na nafsi yake.

Dunstan alipanda kurudi Ukata mwaka 2005, akalima kahawa, na marehemu hakumfuata. Kwanza aliahirisha kumtembelea, kisha akaacha kumpigia simu, kwa kuwa aliona aibu kusikia sauti yake. Mama Gertruda alifariki tarehe 11 Novemba 2011, na Dunstan mwenyewe ndiye aliyempigia baba kumjulisha. Baba alifunga mkoba, akasafiri hadi stendi ya Mbinga, akakaa pale kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri, akaona hataweza kumtazama Dunstan machoni, na akageuza. Nyumbani alisema barabara ya Ukata imekatwa na mvua, na sote tulimwamini. Ugonjwa wenyewe haukuwahi kumliza, lakini aliponitajia habari ya stendi ile alilia, nikaweka kalamu chini.

Alianza kuumwa Oktoba 2024, na tarehe 6 Februari 2025 madaktari walituambia kwamba ni saratani ya ini. Alipokea habari hiyo kwa utulivu, akaendelea kuwaelekeza vijana wa uwanja kupitia dirishani, lakini mwezi Julai alimwomba mama amwite Dunstan, na Jumamosi tarehe 2 Agosto Mzee Dunstan alifika Chiwanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini. Baba aliomba tukae sote, akaeleza habari ya shimo la saba mwanzo hadi mwisho bila kujitetea, na akaomba msamaha. Mzee Dunstan alisema maneno haya, ambayo ameturuhusu tuyasome.

“Ule mpira niliuona ukitembea, Othmar. Nilikuachia siku ile ile, nikasaini kadi, kwa sababu mkeo alikuwa na mimba ya miezi minane na mimi sikuwa na mke wala mtoto. Lakini hukuja kumzika mama yangu. Hilo ndilo nimekaa nalo.”

Miaka yote marehemu alikuwa ameomboleza kosa ambalo lilikwisha kusamehewa kabla hajaondoka uwanjani, na lile kubwa alikuwa analiita barabara mbovu. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu, apelekwe Ukata akasimame kwenye kaburi la Mama Gertruda kabla hajafa. Madaktari walisema mwili hautaweza ile milima, naye akawajibu kwamba mwili huo huo uliwahi kupanda mgongoni kwa mtu. Tulikodi gari, tukapanga safari iwe Alhamisi tarehe 28 Agosto. Alifariki Jumanne tarehe 26, saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa amemshika mkono, na siku mbili ndizo zilizompungukia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao mara nyingi walikaa naye kuliko kazi yao ilivyowataka, majirani zetu wa Chiwanda na akina mama wa vichanjani, ambao tangu Jumanne hawajaanika kitu, vijana wa uwanja waliolibeba jeneza lake kuzunguka mashimo yote tisa, watu wa Matiri mliochimba kaburi hili, na Jumuiya yetu kwa sala zisizokatika.

Zaidi tunawaomba radhi. Jana mlitungoja hapa tangu saa sita, chakula kikapoa, mkatupigia simu tusipokee, na tulifika jioni tusiwaeleze kitu. Gari lilikuwa limekodiwa kwa ajili ya Alhamisi, na Alhamisi likapanda. Tulipofika njia panda mama alimwambia dereva aache barabara ya Matiri, ashike ya Ukata. Vijana walilishusha jeneza, wakaliweka juu ya mabenchi mawili ya nyumbani kwa Mzee Dunstan, kando ya kaburi la mama yake, na watu wa Ukata walitoka mashambani wakaja kusimama nasi. Mzee Dunstan aliinama akaweka mkono juu ya jeneza na mwingine juu ya udongo, akasema, “Mama, Othmar amekuja kukuzika.”

Kisha akapanda gari pamoja nasi. Amekaa hapa mbele, kwenye mkeka wa wafiwa, na baada ya mama ndiye atakayeweka udongo.

Baba, pumzika sasa, msiba umeuhudhuria.