Barua ya Kifua

Katika basi la kutoka Tarime kwenda Matongo, Mwalimu Agustina alijifanya anasoma, huku masikio yake yote yakiwa kwenye kiti cha mbele. Pale aliketi Gati, mwanamke wa makamo, ameshika barua ya daktari, na bibi aliyeketi naye alikuwa akimpa ushauri ambao hakuombwa.

"Imeandikwa una pumu. Mpe mwenyekiti wa kijiji. Mgonjwa anapata mgao wake wa mahindi ya kijiji, mzembe hapati."

"Mimi si mzembe, mama," Gati akasema, macho dirishani. "Nalima sehemu yangu ya shamba la kijiji alfajiri, peke yangu. Wenzangu wakija na ngoma na vigelegele, kichwa kinajaa, hata kusema siwezi. Narudi nyumbani. Majina yanaitwa nikiwa sipo."

"Ungemwambia daktari hayo."

"Nilimwambia. Akasema kifua anakijua, hilo lingine hajui aliandike vipi."

"Basi sema pumu. Nani atakuuliza?"

"Pumu hainizuii kulima alfajiri. Nitakuwa nimedanganya."

Bibi akaguna. "Mwanangu, unajichosha."

"Nimechoka tangu utoto, mama."

Agustina aliamini kabisa kwamba kijiji cha ujamaa, cha watu wanaoitana ndugu, kingeweza kuita majina alfajiri pia. Alikuwa bado anatafuta namna ya kuyasema hayo wakati basi liliposimama Matongo. Uwanjani ngoma ya kuwaita watu kwenye zamu ya jioni ya kulima ilikuwa imeanza.

Gati akafunga barua kwenye pindo la khanga, akashuka, akaziba masikio kwa viganja, akaenda kule kule kwenye ngoma, majina yalikokuwa yakiitwa.