Arvid Ruohonen na Jiko Alilolitoa Nje

Kabla historia hii haijasomwa, yeyote humu kanisani anayedhani atasomewa uongo anyooshe mkono sasa hivi, maana kila tarehe imetoka kwenye madaftari ya marehemu mwenyewe, na kama yupo asiyeamini kwamba mtu mzima mwenye akili zake timamu aliwahi kutoboa ukuta wa jikoni ili baridi ya nje imtunzie maziwa, basi amgeukie aliyekaa kulia kwake na kumuuliza, kwa kuwa karibu kila nyumba ya hapa Salo ina kitu cha Arvid Ruohonen kilichofichwa stoo. Hakuna mkono. Vizuri. Familia imemteua mpwa wa marehemu, Colby Saarela, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, asome kwa niaba yake, si kwa ajili ya elimu, kwani shule aliiaga akiwa na miaka kumi na sita na shule haikutoa chozi, bali kwa sababu sauti yake inafika viti vya nyuma bila kipaza sauti, na kwa sababu ndiye dereva wa greda aliyewaondolea theluji barabarani tangu alfajiri, wala hakuna dereva mwingine katika kaunti hii ambaye angewafikisha hapa kwa wakati, kwa hiyo tulieni.

Marehemu Arvid Johannes Ruohonen alizaliwa tarehe 9 Novemba 1950, hapa hapa Salo, kaskazini mwa Michigan, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa mzee Urho Ruohonen, mchimba shaba, na mkewe Saima, na alizaliwa ndani ya sauna, chumba kile kile cha mvuke walichoogea kila Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo ndicho chumba pekee chenye joto kwenye uwanja mzima.

Alianza shule ya msingi ya Salo mwaka 1956, shule ya vyumba viwili na jiko moja la kuni, akahitimu sekondari tarehe 7 Juni 1968, akiwa na alama za juu katika hesabu na adhabu nne za kuifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, ambayo mara zote nne aliirudisha ikiwa inakwenda vizuri zaidi.

Tarehe 3 Machi 1969 aliajiriwa mgodini kama fundi wa pampu, akashuka chini ya ardhi kwa miaka ishirini na sita, hadi mgodi ulipofungwa mwezi Septemba 1995, na siku ya mwisho alipotoka alisimama ufukweni mwa ziwa, pale palipomwagwa mchanga mweusi wa mashine za kusaga mawe tangu enzi za babu zetu, mchanga ambao mpaka leo hauoti jani, akawaambia wenzake, "Jamani, tumeacha uchafu wa kutosha, sasa mtu afanye kitu kisichoacha chochote." Kuanzia hapo, ingawa mchana alikuwa fundi bomba wa shule za wilaya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013, jioni na mwisho wa wiki alikuwa mtu mwingine.

Alifunga ndoa na Irja Pelkola tarehe 22 Juni 1974 katika kanisa hili hili, wakajaliwa binti mmoja, Karin, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1977, ambaye anaishi Milwaukee na yupo nasi hapa mbele.

Kuhusu uvumbuzi wake familia imeomba msomaji awe mfupi, ombi ambalo msomaji amelisikia. Mwaka 1996 alitengeneza friji ya baridi ya bure, yaani sanduku lililochomekwa kwenye ukuta wa kaskazini, lenye kijimlango cha kuruhusu hewa ya nje, akawagawia ndugu kumi na mmoja, na ilifanya kazi vizuri mpaka rakuni, wale wanyama wezi wa usiku, wakagundua kwamba Krismasi imeletwa mlangoni kwao. Mwaka 2003 akaja na mashine ya kufulia ya kukanyaga kama baiskeli, ambayo Irja aliitumia kufulia shuka moja tu, kisha akashuka akiwa anahema na kusema, "Arvid, mume wangu, hii miguu nilikuja nayo mwenyewe, siyo mali ya mradi." Mwaka 2008 akashona viatu vya matairi vyenye meno ya kukamata barafu, na tarishi wetu alivivaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, akamaliza mzunguko wake kwa soksi.

Nanyi mnajijua. Hakuna mtu wa Salo aliyewahi kumwambia Arvid Ruohonen kwamba kitu chake hakifai, kwa sababu hapa kwetu hatuna mdomo wa kusema hivyo, tunapokea kwa mikono miwili, tunakizunguka mara moja, tunasema, "Si haba," kisha tunakipeleka stoo, na gari lake likionekana barabarani mtu anapiga simu nyumba inayofuata, "Anakuja huko, toeni lile dude," na dude linatolewa, linapanguswa vumbi na kuwekwa sebuleni mpaka amalize kahawa yake. Yeye alihisi, maana hakuwa mjinga. Irja alimwambia wazi wakiwa mezani mwaka 2016, alipotaka kulitoa jiko lao la kuni lililopasha nyumba nzima joto, "Jiko hili halipiti mlango ule mpaka mtu mwingine, asiyelala kitanda kimoja na wewe, atumie kitu chako majira matatu ya baridi mfululizo," na mchungaji atamsamehe mama wa watu, hayo ni maneno yake. Irja alifariki tarehe 3 Machi 2019, na tangu siku hiyo marehemu aliyashika maneno yale kama wosia, na hakutaka kingine chochote duniani ila huyo mtu mmoja.

Mtu huyo alipatikana kwa njia ya aibu. Marehemu alikuwa amejenga rundo la matawi yaliyosagwa na samadi ya farasi, kubwa kama trela, lenye bomba la maji linalozunguka tumboni mwake, kwa kuwa samadi na matawi vikioza pamoja hutoa joto lisilohitaji kuni wala gesi, na Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019 akawaalika wanaume watano kwenye sauna isiyo na moto. Wakakaa uchi saa nzima. Kipimajoto kilisoma nyuzi arobaini tu, nusu ya joto la sauna ya moto, kwa sentigredi, kipimo ambacho yeye peke yake alikitumia katika mji huu, na hatimaye mmoja wao, ambaye yupo humu na anajitazama viatu, akasema, "Arvid, ndugu yangu, nimeingia msafi, natoka na harufu ya zizi." Mwingine akasema, "Mimi nywele za kifuani zimesimama kwa baridi," wakacheka mpaka mlangoni, na marehemu akacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini jirani yake, Bi Hilja Kauppila, mjane, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sabini na saba, aliwasikia kutoka uani kwake akauliza, "Nyuzi arobaini? We Arvid, sauna hiyo hapana, lakini hizo nyuzi ukiniletea chini ya sakafu yangu nitakuombea mpaka nife."

Rundo la Bi Hilja lilijengwa tarehe 19 Septemba 2020, na kwa kuwa marehemu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, kazi ilifanywa na mpwa wake Colby, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, tela sita za matawi na tela nne za samadi, na mpwa alimwambia mbele ya mashahidi, "Mjomba, hili rundo ninalokujengea utaoka mkate juu yake." Majira ya baridi yalipoingia, marehemu alivuka uwanja kila siku saa tatu asubuhi, akasoma joto la bomba linaloingia jikoni kwa Bi Hilja, akaandika. Daftari linaonyesha kwamba katikati ya Januari 2021 joto lilishuka hadi nyuzi kumi na tisa, kisha tarehe 18 likapanda hadi arobaini na moja, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu, "Limeamka lenyewe." Asubuhi ile Bi Hilja alimpokea mlangoni akipiga kelele, "Njoo uone! Nimevua soksi, Arvid! Januari hii, mimi Hilja, nimevua soksi!" na marehemu akaitazama ile miguu ya kizee kwenye sakafu tupu, akasema, "Si haba," kisha akatoka nje akasimama kwenye theluji muda mrefu, akijifanya anakagua paa.

Majira matatu ya baridi yalitimia mwezi Aprili 2023. Tarehe 16 Septemba mwaka huo marehemu alilitoa jiko nje, akisaidiwa na mpwa wake, akaliziba tundu la bomba la moshi kwa matofali, na jiko likapelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Karin alimsihi kwa simu, "Baba, basi liweke hata gereji," naye akajibu, "Mama yako aliweka masharti, yametimia, tusimfanye mwongo." Mwezi Oktoba alijenga rundo lake, kwa mikono yake, akipima samadi kwa kilo.

Rundo hilo lilisoma nyuzi thelathini na tatu wiki ya Krismasi. Baridi iliyoingia Januari mnaijua, nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri kwa siku saba, na tarehe 13 likasoma kumi na mbili, tarehe 15 likasoma sita, na siku hiyo daftari linasema hivi tu, "La Hilja 42. Kosa ni langu." Kuanzia hapo alichimba kila mchana, akalifungua rundo lililoganda kwa sururu, akalipanga upya, kisha akaingia kwenye nyumba isiyo na moto akiwa amelowa jasho. Mpwa alimpelekea hita ya umeme tarehe 16, akakuta maji yameganda kwenye beseni, na marehemu akamwambia, "Peleka kwa mwenye shida, mwanangu. Kama la Hilja linawaka, langu litawaka, nimekosea mahali, nitapaona." Hakumwambia mtu mwingine, na sisi tunaopigiana simu kila gari lake linapopita, safari hii hakuna aliyepiga.

Ijumaa tarehe 19 Januari saa tatu asubuhi Bi Hilja alingoja jikoni, akaona hajaja, akavuka uwanja mwenyewe na fimbo yake, akamkuta ameketi ameegemea rundo, sururu mapajani. Hospitali walisema ni homa ya mapafu, pamoja na vidole vya mguu wa kushoto kufa kwa baridi, wakamtibu kwa siku saba, na katika siku hizo kila aliyeingia, awe daktari au mfagiaji, aliulizwa jambo moja, "La Hilja linasomaje leo?" Marehemu alifariki tarehe 26 Januari 2024, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Mwili utahifadhiwa katika jengo la makaburini mpaka mwezi Mei, ardhi itakapokubali koleo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa mgodini na wa shule za wilaya, akina mama waliopika na kuoka, mchungaji, na kwa namna ya pekee Bi Hilja Kauppila, aliyekaa kiti cha tatu, mtu pekee aliyekitumia kitu chake.

Karatasi ya familia imeishia hapo, na hapo ndipo nilipoambiwa nikae.

Ila kuna kipande sikukisoma, kwa sababu hakuna anayekijua ila mimi. Mjomba aliandika tela nne za samadi, mimi nilipeleka mbili, kwa sababu Jumamosi ile nilikuwa na safari na wenzangu, nikazifunika kwa matawi. Lile rundo lilikufa katika Januari yake ya kwanza. Nilikuwa nimeshajisifu mji mzima, na nilikuwa nimeuona uso wake akisoma kumi na tisa, kwa hiyo tarehe 17, kwa kuwa napakana na Bi Hilja, nililichimba rundo upande wa gereji yangu nikafukia ndani yake koili ya hita ya maji, nikapitisha waya chini ya uzio. Bi Hilja, usinitazame hivyo, bibi. Ni umeme wangu, tangu siku uliyovua soksi. Kila majira niliapa kwamba nitamwambia. Siku tulipolibeba lile jiko nilikuwa nimeshika upande mzito, nikasema, "Mjomba," akasema, "Angalia ngazi," nikaangalia ngazi. Hospitali aliniuliza, "Colby, kule kwa Hilja ulichanganya nini?" nikamwambia, "Samadi tu, mjomba, nyingi," naye akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu kwa vidole alichokosea.

Waya bado unawaka sasa hivi ninavyosoma, nimeogopa kuuzima kwa baridi hii.

Hukukosea popote, mjomba. Rundo lako lilikuwa bora kuliko langu. Acha kuhesabu sasa, lala.